35mm f/1.8 au 16-35mm f/4 kwa ndege za kale za Paris?

mwambao_77
Habari za jioni wadau. Mwezi ujao napita Paris, nina siku moja tu. Nataka kupiga picha ndege za mwanzo kabisa, zile za mbao na kitambaa. Pesa yangu ni ya lenzi moja: 35mm f/1.8 au 16-35mm f/4, zote za mtumba. Muuzaji ananisubiri hadi Ijumaa.

Fundi Lenzi
Mkuu, bodi ya kamera ni gani? Sensa kubwa au APS-C, ile ndogo? Ina kituliza mtikisiko? Na makumbusho yapi, Le Bourget au Arts et Métiers? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

bawa_mbili
Chukua 35, usijiulize mara mbili. Ndani mwanga ni hafifu, na f/1.8 inaingiza karibu mara tano ya f/4. Pale mwenzako anapopiga ISO 5000 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga), wewe uko 1000. Uzuri wa ndege hizi uko kwenye nyuzi na mishono ya kitambaa, na ISO ikipanda hiyo ndiyo inapotea kwanza.

Fundi Lenzi
Mwanga wa nini kama ndege haienei kwenye picha? Blériot XI, ndege ya Mfaransa Louis Blériot, ina upana wa mabawa wa mita 7.8. Ukiipiga kwa mbele na 35mm, sensa kubwa inakudai urudi nyuma mita 7.6, APS-C zaidi ya 11. Nafasi hiyo utaipata wapi katikati ya watu? Kwa 16mm kwenye sensa kubwa, mita 3.5 zinatosha. Tena kwa f/1.8 ukilenga pangaboi, mkia wote ni ukungu.

bawa_mbili
Na 16mm ukiwa karibu inavuta ncha za mabawa hadi ndege inakosa umbo lake. Mimi napiga vipande: waya, magurudumu, injini ya Anzani yenye silinda tatu. Hapo ndipo unaona kazi ya mikono.

Mama Wawili
Wanangu, lenzi si kila kitu. Mwaka juzi nilienda makumbusho ya ndege, sitayataja. Stendi ya kamera nilizuiwa mlangoni, sawa, nikapiga kwa mkono. Nikawasha shata ya elektroniki, isiyo na mlio, nisisumbue watu. Picha zaidi ya 300. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilipendeza sana. Usiku hotelini nazifungua kwenye kompyuta: michirizi ya giza imekata mabawa yote, bawa baada ya bawa. Kumbe taa zile zinapepesa, jicho halioni. Asubuhi yake nilikuwa na safari, sikuweza kurudi. Inaniuma mpaka leo. Tumia shata ya kawaida, na kasi iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, maana umeme wa huko ni hezi 50.

mwambao_77
Asante sana mama. Bodi ni APS-C, haina kituliza. Nataka kuiona ile Blériot iliyovuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, nadhani iko Le Bourget. Nafika Jumatatu alfajiri, naondoka usiku.

Fundi Lenzi
Jumatatu yote mawili yamefungwa! Na iliyovuka tarehe 25 Julai 1909 iko Arts et Métiers, imening'inizwa ndani ya lililokuwa kanisa. Kuna jukwaa la chuma na kioo lenye ngazi, unapanda hadi usawa wa ndege. Le Bourget nenda kwa ndege za Antoinette, Demoiselle na hydravion (ndege ya majini) ya Fabre ya 1910.

bawa_mbili
Ukiwa pale Arts et Métiers usiipite Avion III ya Clément Ader, ya 1897, juu ya ngazi kuu. Mabawa ya popo, injini za mvuke. Huyu Ader aliinuka ardhini 1890 na ndege yake Éole, miaka 13 kabla ya ndugu Wright wa Marekani.

Fundi Lenzi
Kuinuka mita 50 bila kuimudu ndege si kuruka. Wright 1903 walikaa hewani sekunde 59 na usukani unawatii.

bawa_mbili
Iliondoka ardhini kwa nguvu ya injini yake. Hilo unaliitaje?

mwambao_77
Wakuu, nimepiga simu, tiketi inasogezwa hadi Jumanne kwa nyongeza. Nyongeza hiyo inakula nusu ya pesa ya 16-35. Kuna anayekodisha lenzi Dar?

Mama Wawili
Mlango gani wa lenzi, yaani pale inapofungwa kwenye kamera, mwanangu? Hata kampuni ya kamera hukututajia.