Mwaka 2020 ndani ya Oman: ulikuwa wapi, yalikukuta yapi? Tupeane uzoefu

Mpemba wa Ruwi
Wakuu, jana kwenye kundi letu la WhatsApp watu wazima wamebishana mpaka usiku mkubwa kama Sultani Qaboos alifariki kabla ya korona au katikati yake. Mmoja kaapa kabisa kwamba mazikoni watu walivaa barakoa. Jamani! Msiba ulikuwa Januari, barakoa zilikuja baadaye. Mwaka ule ulibeba mambo mengi mno na naona yameanza kutuchanganyikia. Waliokuwapo, au waliokuwa na ndugu kule, semeni. Naanza mimi.

Ile Jumamosi ya tarehe 11 Januari nafungua duka, nasikia televisheni ya mgahawa wa jirani inatoa Kurani tu. Hakuna habari, hakuna tangazo. Yule Mmalabari mwenye mgahawa kaniangalia, nami nikamwangalia, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mwezi uliotangulia mzee Qaboos alikuwa Ubelgiji kwa matibabu, kwa hiyo minong'ono ilikuwapo. Hofu ya wengi ilikuwa bahasha. Mzee hakuwa na mtoto, na sheria ilisema ukoo wasipokubaliana ndani ya siku tatu inafunguliwa barua aliyoiacha yenye jina la mrithi. Ukoo wakasema ifunguliwe papo hapo. Siku ile ile Haitham bin Tariq, aliyekuwa waziri wa turathi na utamaduni, akaapishwa. Sisi wenye maduka tulikuwa tumeshaanza kupiga hesabu za mchele wa akiba, ikawa imekwisha hivyo.

Bi Mkubwa wa Seeb
Mwanangu umenikumbusha mbali. Mie siku ile nililia kama niliyefiwa na mzazi. Sie tuliotoka Unguja baada ya Mapinduzi tulikuwa hatuna pa kushika. Baba alikwenda Dubai mwanzo, akibeba mizigo bandarini. Qaboos alipokaa mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi waijenge nchi, ndipo tukapata pasipoti. Kiarabu hatukijui, skuli tunachekwa, tunaitwa Wazanzibari kama tusi. Yote hayo yapo na siyasahau. Lakini pasipoti tulipewa. Mwanangu alikwenda kusimama barabarani jeneza lipite, likasaliwa Msikiti Mkuu wa Bausher, likazikwa Ghala kwenye makaburi ya ukoo. Sie wanawake tulibaki ndani tunasoma.

Chuma_Chakavu
Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa heshima zote, mbona hatusemi yote? Huyo huyo 1970 alimpindua baba yake mzazi, tena kwa mkono wa Waingereza. Na 2011 vijana wa Sohar walipotoka barabarani kudai ajira, kuna waliokufa.

Bi Mkubwa wa Seeb
Marahaba. Mie nimeeleza nililolia. Wewe eleza ulilolia wewe.

Kanzu_Nyeupe
😂😂 Chuma kaa chini, umeshajibiwa.

Mwalimu wa Zamu
Kitu ambacho watu wamesahau: wimbo wa taifa ulibadilishwa Februari, jina la Qaboos likaondolewa. Nafundisha skuli ya msingi. Watoto wanaimba asubuhi mstarini, nusu wanaimba ya zamani kwa mazoea, nusu ya mpya, mkuu wa skuli kafumba macho. Bendera ndiyo kwanza zimepandishwa tena, maana zilikaa nusu mlingoti siku 40. Kabla hatujaunyoosha ule wimbo, skuli zikafungwa.

Fundi AC
Wagonjwa wa kwanza walitangazwa tarehe 24 Februari, wametoka Iran. Nakumbuka kwa sababu siku hiyo mteja alikataa nisiingie kwake, eti nimekaa karibu na Wairani. Mimi mtu wa Morogoro!

Mpemba wa Ruwi
Hahaha, Mwirani wa Morogoro.

Kijana wa Mutrah
Nyie mnacheka, sisi tulifungiwa. Aprili mosi Mutrah yote ikawekewa vizuizi, polisi na jeshi, haingii mtu hatoki mtu. Siku chache baadaye mkoa mzima wa Maskati ukafungwa, lakini sisi ndio tulikuwa kitovu. Wanaoijua Hamriya wanajua vyumba vyetu: vitanda vya ghorofa, jiko moja, choo foleni. Mtu akikohoa usiku wote mnaamka mnamtazama. Waziri wa Afya akasema hata asiye na karatasi za ukaazi apimwe na atibiwe bure, na hilo nawapa haki yao. Shida, asiye na karatasi haamini. Chumbani kwetu jamaa mmoja alikuwa mtoro, homa imempanda, anasema bora afe kitandani kuliko kukamatwa foleni ya vipimo. Tulimbeba kwa nguvu. Akapimwa, akatibiwa, hakuna aliyemwuliza kafili wake, yaani mwajiri mdhamini, ni nani. Mpaka leo akiniona ananitania kuwa nilimteka nyara.

Ramadhani ile ndiyo iliniuma. Misikiti imefungwa tangu Machi, hakuna tarawehe, futari tunachota kwa zamu. Idi tukaswali chumbani. Misikiti haikufunguliwa mpaka tarehe 15 Novemba.

Salalah Mvua
Huku kwetu Dhofar mwishoni mwa Mei tulipigwa na mvua ya kimbunga juu ya korona, mabarabara yakawa mito. Halafu Juni wakaifunga Dhofar. Msimu wa kharif, ile mvua ya kiangazi, milima ya kijani kibichi na hakuna mgeni hata wa dawa. Anayeuza madafu Salalah anajua maana yake.

Karani wa Zamani
Mimi nilikuwa serikalini, upande wa uhasibu. Watu wanaikumbuka 2020 kwa korona, ila ofisini tuliumizwa na bei ya mafuta. Kila wiki waraka mpya wa kubana matumizi. Ukaja waraka wa kustaafisha waliotimiza miaka 30 kazini, korido zikajaa wazee wanaopeana mikono. Tarehe 18 Agosti zikatoka amri 28 kwa siku moja: wizara zimeunganishwa, nyingine zimebadilishwa jina. Yusuf bin Alawi, mzee wa mambo ya nje tangu miaka ya tisini, akapisha, akaingia Badr Al Busaidi. Wizara ya fedha nayo ikapata waziri wake, maana enzi za Qaboos cheo hicho alikishika Sultani mwenyewe. Sisi tulikuwa na maboksi ya barua zenye nembo ya wizara ambayo haipo tena. Tukageuza karatasi za kuandikia rafu.

Kanzu_Nyeupe
Na VAT msiisahau. Amri ilitoka Oktoba mwaka huo huo, 5%, ikaanza kukatwa Aprili 2021. Zawadi ya jubilei ya miaka 50 ya taifa.

Mapinduzi Daima
Mbona hamumtaji Jamshid? Septemba 2020 sultani aliyepinduliwa Zanzibar karuhusiwa kuhamia Oman. Miaka yote Qaboos alimkatalia, huyu mpya kakubali. Ujumbe gani huo kwa Wazanzibari?

Bi Mkubwa wa Seeb
Ujumbe gani kwa mzee wa miaka 91? Kakaa Portsmouth zaidi ya miaka 50, anataka kufa karibu na watu wake.

Mapinduzi Daima
Bi Mkubwa, watu wake ni wapi? Si alisema kwao Zanzibar?

Chuma_Chakavu
Hapo nakuunga mkono, na hapo hapo sikuungi. Mzee hana jeshi wala marikebu, unaogopa nini?

Mapinduzi Daima
Siogopi. Nauliza.

Pweza Mkavu
Msiba wenyewe ulitukuta Unguja tunajiandaa na sherehe za tarehe 12 Januari. Nyumba moja mtaani kwetu: baba anakwenda uwanjani kwenye Mapinduzi, mama anamlilia Qaboos, chakula hakijapikwa. Mimi nilikula urojo.

Mpemba wa Ruwi
Wakuu, uzi ni wa uzoefu. Mapinduzi yana uzi wake, upo kule juu, kurasa hazihesabiki.

Dada wa Mabela
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Sikutaka kuandika ila Kijana wa Mutrah kanigusa na habari ya mtoro, maana na mimi nilikuwa hivyo.

Nilikuwa kazi za ndani, Mabela. Baba wa nyumba alikuwa anakodisha magari kwa wageni. Ndege zikasimama mwisho wa Machi, wageni hakuna, magari yamepangwa uani yanapigwa vumbi. Mshahara wa kwanza akasema subiri. Wa pili, subiri. Watoto wapo nyumbani saa zote, kazi imeongezeka mara mbili, chakula kimepungua. Sikupigwa, nisiseme uongo. Lakini mama wa nyumba alikuwa anapiga kelele kuanzia alfajiri, na pasipoti yangu iko kwenye kabati lake. Nyumbani Singida mama yangu anauliza mbona kimya, nasema mtandao.

Agosti nikatoka na mfuko wa taka, sikurudi. Nikafikia Hamriya kwa wenzangu. Kafili akaandikisha kwamba nimetoroka. Tukawa tunakaanga maandazi usiku, tunauza kwa simu, kijana anapeleka kwa baiskeli.

Novemba ikatangazwa ruhusa: kuanzia tarehe 15 mpaka mwisho wa mwaka, asiye na karatasi ajiandikishe aondoke bila faini. Siku hizo ndizo za taifa kutimiza miaka 50, watu walikuwa wanaingoja sherehe kubwa, ikapita bila mikusanyiko. Sisi sherehe yetu ilikuwa ile ruhusa. Nikajiandikisha, jina likapita. Nina kila kitu ila pasipoti.

Nikapiga simu kwenye ile nyumba. Akapokea bibi yao, mama wa baba. Bibi huyu kazaliwa Unguja, Malindi, na tulikuwa tunazungumza Kiswahili jikoni wakati wengine hawapo. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Kesho baada ya alasiri simama kwenye duka la mikate." Nikasimama natetemeka, naona gari la nyumba linakuja, nikajua nimeuzwa. Kumbe ni dereva, na bibi kakaa nyuma. Akashusha kioo, akanipa mfuko wa mkate. Ndani pasipoti, chini yake riali zimekunjwa kwenye karatasi. Akasema, "Mkate ule leo leo, utachacha." Dereva akatia gia.

Nikakata tiketi ya tarehe 23 Desemba. Nikapima, nikauza jiko, nafasi yangu ya kitanda nikamwachia mwingine. Tarehe 22 Oman ikafunga mipaka yote kwa wiki nzima, anga, bahari, nchi kavu, kwa ajili ya kirusi kipya cha Uingereza. Nilikaa sakafuni jikoni kwa watu. Kipimo kikaisha muda wake, nikalipia kingine kwa zile riali za bibi. Anga ilipofunguka nikaondoka. Dirishani pale uwanja wa ndege wakanichukua alama za vidole, wakatazama kompyuta, wakatazama tena, mimi miguu imekufa. Akagonga muhuri.

Fundi AC
Daah.

Kijana wa Mutrah
Dada pole sana. Huyo bibi Mungu amlipe.

Pweza Mkavu
Bibi wa Malindi gani? Mimi Malindi nawajua wote. Weka herufi ya kwanza tu.

Dada wa Mabela
Siweki.

Kanzu_Nyeupe
Huyu dereva naye mnamsahau. Kama angesema?

Mkamba wa Muscat
Hii imenitoa machozi na niko kwa matatu. Sisi Wakenya nyumbani ndege za kimataifa zilifunguliwa Agosti mosi, nyinyi Watanzania mlikuwa mshafungua anga yenu tangu Mei na bado mnalia. Ushauri wangu: mtu asitoroke. Ukitoroka umejipa makosa, unapoteza hata mshahara unaodai.

Dada wa Mabela
Ningebaki ningedai kwa nani?

Chuma_Chakavu
Ushauri mwingine: toroka mapema, kabla hawajakuzoea 😅

Karani wa Zamani
Msipotoshe watu. Januari 2021 ile barua ya NOC, ya mwajiri kusema hana pingamizi, iliondolewa, mfanyakazi akimaliza mkataba anahama bila ruhusa ya mwajiri wa zamani. Lakini kazi za ndani hazimo kwenye sheria ya kazi, msichana wa ndani asidhani anahama kirahisi kama fundi wa kampuni. Piga picha pasipoti, viza na mkataba kabla hujapanda ndege, mtumie mtu nyumbani.

Bi Mkubwa wa Seeb
Na mshahara ukikatika mwezi mmoja, sema. Usingoje wa tatu. Mwanangu wa Mabela, riali zako za miezi ile ulilipwa?

Dada wa Mabela
Hapana mama. Ila ile ruhusa waliiongeza mpaka Machi, wenzangu wawili wa chumbani wakatoka nayo.

Mapinduzi Daima
Kwa hiyo bibi wa Unguja ndiye aliyekuokoa. Naona.

Bi Mkubwa wa Seeb
Unaona nini tena wewe?

Mapinduzi Daima
Nimesema naona tu, Bi Mkubwa. Shikamoo.

Mgeni_Mpya22
Habarini wakuu, samahani, hivi viza ya kazi ya Oman kwa sasa ni shilingi ngapi kupitia wakala?

Kanzu_Nyeupe
Soma uzi kwanza, ukifika kwa Dada wa Mabela ndio urudi kuuliza bei.