Naomba ushauri: Je, naweza kupeleka watu Fungu Yasini bila kibali?

Mkazi wa Kunduchi: Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nina mashua ya familia, na Jumamosi nakusudia kuwapeleka watu kadhaa Fungu Yasini, kisiwani hapa karibu na Dar es Salaam. Kwa kuwa kule hakuna geti wala jengo, naomba kujua ni wakati gani mtu huruhusiwa kuingia eneo tengefu la bahari, yaani lililohifadhiwa kisheria, bila kibali. Usingizi umenipaa.

Mzee wa Forodhani: Ndugu yangu, Fungu Yasini, Mbudya, Bongoyo na Pangavini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na sasa yanasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya mwaka 1994. Kukosekana kwa geti hakuondoi kibali wala ada ya kuingia. Anayekimbilia huko kuokoa roho, injini ikiwa imezima, ni habari nyingine. Je, hao ni jamaa zako au abiria, na chomboni mtabeba nini?

Mkazi wa Kunduchi: Ni wageni, na fedha zao nimekwisha kuzipokea. Mishipi itakuwamo, kwa sababu niliwaahidi kuvua samaki aina ya changu na kupumzika chini ya miti. Fedha hizo zimenunua mafuta, siwezi kuzirudisha. Na mishipi si baruti.

Binti Msasani: Kaka yangu anaishi Australia. Anasema Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya huko, ina ramani iliyogawa bahari kwa rangi: ukanda wa kijani mtu huogelea na kupita na boti bila kibali ila havui, na ukanda wa waridi haingii bila idhini ya maandishi, isipokuwa kwa dharura. Natamani ramani kama hiyo ibandikwe pale mnapopandia boti.

Mama Mjimwema: Baba, usiseme mishipi si baruti. Nimetafuta pweza maji yakitoka, nikakanyaga matumbawe yaliyovunjika, meupe, yasiyo na hata samaki mdogo. Sehemu iliyobaki tuiache ipumue.

Msomaji wa Temeke: Miti ipi? Fungu Yasini ni mchanga mtupu, na mwenye mashua Kunduchi asingekosa kulijua hilo. Kisa hiki kimetungwa.

Mkazi wa Kunduchi: Hakijatungwa. Mashua ni ya marehemu baba, mimi nimekulia Morogoro, na habari za miti nilipewa na kijana wa ufukweni.

Mzee wa Forodhani: Basi wapeleke Mbudya, ambako kivuli kipo. Lipa ada kabla ya Jumamosi, mishipi iache nyumbani, na wageni uwaambie leo hii kwamba hawatavua, ili asiyeridhika adai chake mapema.