Kijana wangu hagusi mpira wa besiboli hata kwa bahati, nimsaidieje?

BabaTuktuk (Kisumu)

Wadau, salamu. Nina kijana wa miaka 12, yuko Gredi ya 7, na tangu mwanzo wa mwaka amejiunga na timu ya besiboli. Msinicheke, hata mimi nilidhani ni ile raundasi ya shule ya msingi, ya fimbo ya mkono mmoja. Sasa nimejuajua kidogo, kwa sababu nikipata abiria wa upande wa uwanja wao naegesha tuktuk pale nje nachungulia.

Shida ni kupiga. Kudaka anadaka, mbio anazo, mkono wa kurusha anao. Lakini mpe gongo (wadau wa Bongo, hapa ni fimbo, si ile ya chupa), ni straiki (mpira mzuri aliokosa kuupiga) ya kwanza, ya pili, ya tatu, toka nje. Mechi tatu zilizopita amesimama kupiga mara nane. Mpira ameugusa mara moja tu, nao ukaenda nyuma. Jumamosi alipotolewa alienda nyuma ya mti, akaishusha helmeti mpaka puani ili tusimwone analia. Nilimwona.

Kocha wao anajitolea tu, watoto ni ishirini na kitu, magongo ni mawili. Mimi nikiwa pembeni namsaidia kwa sauti: tazama mpira, inua kiwiko, kaza miguu, usiogope. Haisaidii. Jana usiku kaniuliza kama anaweza kuacha. Simlazimishi, ila akiacha nataka aache kwa sababu amechoka nao, si kwa aibu. Mwenye ujuzi aseme. Pesa za vifaa sina.

OmwamiWaMbale

Kisumu na besiboli wapi na wapi? Mtoto mwenye mbio hivyo angekuwa anasubiriwa Gor Mahia. Mpe mpira wa miguu alale vizuri.

NyarKano

Omwami, mtu kauliza njia ya sokoni wewe unamwonyesha ya kanisani. Baba Tuktuk, mimi nilicheza softiboli sekondari miaka yote minne. Nina swali moja tu. Mpira ukimjia, mguu wake wa mbele unakanyaga wapi? Usikisie, kesho nenda ukauangalie mguu tu.

BabaTuktuk

Nimeangalia leo. Anapiga kwa kulia, kwa hiyo wa mbele ni wa kushoto. Badala ya kwenda kwa mrushaji, unatoka nje kuelekea besi ya tatu (kituo cha upande wa kushoto), kama mtu anayekwepa dimbwi. Kila mpira. Sijui nilikuwa naangalia nini siku zote hizi.

NyarKano

Nilijua. Aliwahi kugongwa na mpira?

BabaTuktuk

Nimemuuliza tukila. Akanyamaza, akaangalia mama yake. Kumbe aligongwa mbavuni mazoezini, wiki nyingi zilizopita. Mama akamkanda, wakafunika jambo. Mimi ndiye mwenye nyumba na ndiye wa mwisho kujua.

KochaWaNaks (Nakuru)

Nimekuwa nikifundisha watoto besiboli huku Nakuru, acha niandike kwa urefu kidogo.

Kwanza hizo kelele zako. Kwa umri wake mrushaji anasimama futi 46, yaani mita 14, kutoka kwenye pleti (pale anaposimama mpigaji). Mpira wa kilomita 80 kwa saa unafika kwa sekunde 0.6 hivi. Ligi kuu ya Marekani ni mita 18.44, lakini kwa kuwa wale wanarusha kilomita 150 na zaidi, wanabakiwa na kama sekunde 0.4. Ndani ya muda huo mtoto aone, aamue, azungushe. Wewe umempa kazi nne juu ya hizo. Na "tazama mpira" ukiisema mpira ukiwa hewani umeshachelewa. Hata wakubwa hawaufuati kwa macho hadi kwenye gongo. Kwa hatua za mwisho unakuwa umekimbia kuliko jicho, wanapiga pale wanapokisia utakuwepo. Wanachokitazama ni mkono wa mrushaji, pale mpira unapoachiwa. Mwambie hilo moja, nyumbani, kabla ya mechi. Uwanjani funga mdomo.

Pili ni hofu. Hofu haiondoki kwa kuambiwa usiogope. Mtoto amegongwa, mbavu zake zinakumbuka. Mfundishe kugongwa. Chukua soksi kuukuu, kunja ziwe mpira, mrushie makusudi zimpige. Zikimjia ageuze bega la mbele kwa ndani, kidevu kifuani, gongo alishushe, mgongo ndio upokee. Watoto wanaogopa kwa sababu hufanya kinyume: hufungua kifua, wakaupokea na mbavu. Soksi zikizoeleka, nenda mipira ya tenisi iliyokwisha manyoya. Akishajua la kufanya mpira ukija vibaya, mguu wenyewe utatulia. Kama bado unakimbia, laza tairi kuukuu la tuktuk nyuma ya visigino vyake. Akitoka nje anajikwaa. Na helmeti hata kwa mazoezi ya nyumbani.

Tatu, gongo. Yale magongo mawili naweza kuapa ni ya msaada, na ya msaada mara nyingi ni ya watu wazima. Ashike kwa mkono mmoja, aunyooshe ubavuni usawa wa bega, wewe hesabu pole pole hadi 20. Likianza kushuka kabla ya hapo ni zito kwake. Huna pesa ya jingine, basi asogeze mikono juu ya mpini upana wa vidole vitatu. Si aibu. Tony Gwynn wa San Diego alijulikana kwa gongo dogo, na alimaliza kinara wa upigaji katika ligi yake mara 8. Katika misimu 20 alitolewa kwa straiki mara 434 tu. Wapo wa siku hizi wanaofikisha hizo kwa misimu miwili au mitatu.

Gwynn huyohuyo alikuwa akipiga mpira uliowekwa juu ya kigingi, siku nenda siku rudi, akiwa bingwa tayari. Nawe tengeneza: paipu ya maji isimike ndani ya debe la zege, ifike kiunoni mwa mtoto. Juu yake vika kipande cha hosi ya radieta kiwe mdomo laini wa kukalia mpira. Mbele tundika wavu wa chandarua kilichochakaa. Mipira 50 kwa siku, hakuna anayemrushia, hakuna anayemtazama.

OmwamiWaMbale

Kocha, nimesoma hadi mwisho na mimi sina hata mtoto.

MkulimaKitale

Mipira ya tenisi ya nini na huku tuna magunzi? Kata gunzi vipande vya urefu wa kidole, ampigie kwa mpini wa ufagio. Gunzi linayumba njiani na mpini ni mwembamba, kwa hiyo akija kushika gongo halisi ataona kama ni mwiko wa sherehe. Watoto wa Jamhuri ya Dominika hupiga vifuniko vya chupa za maji kwa ufagio, mchezo wanauita vitilla, na mnajua ligi ya Marekani imejaa Wadominika. Njoo Kitale nikupe gunia la magunzi bure, nauli yako.

MuuguziVihiga

Kabla ya magunzi, macho. Nafanya kazi kitengo cha macho na nimeona watoto wanaoitwa wazembe uwanjani kumbe hawaoni ng'ambo ya barabara. Mwache asimame kando ya njia, afunike jicho moja, asome namba za matatu zilizoegeshwa mbali kidogo. Kisha jicho la pili. Mwenye shida jicho moja anaweza kuishi miaka bila kujua, kwa sababu lile zima linabeba mzigo, lakini kukadiria umbali wa kitu kinachokuja kunahitaji yote mawili. Ukiona tofauti, kutoka Kisumu hospitali ya macho ya Sabatia si mbali.

JiraniBusia

Mimi naandika kutoka mpakani. Ng'ambo Uganda huu mchezo umeota mizizi kitambo. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League, ligi ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania. Na Dennis Kasumba, yule mdakaji aliyejifua kwa matairi makuukuu mpaka video zake zikazunguka dunia, mwaka 2023 alienda Marekani kuchezea ligi ya vijana wanaosubiri kuchaguliwa na timu za ligi kuu. Kwa hiyo tairi la tuktuk si utani.

NyarKano

Baba, na hiyo hesabu ya "mara nane, akagusa moja" usiihesabu mbele yake. Ted Williams, mpigaji wa Marekani, mwaka 1941 alipata wastani wa .406, yaani alifaulu kama mara nne kati ya kumi, watu wanausimulia mpaka leo, na maana yake ni kwamba karibu mara sita kati ya kumi alishindwa. Na mama yake asinyimwe nafasi. Aliyeambiwa kuhusu mbavu ni yeye.

BabaTuktuk

Nimerudi, wiki tatu baadaye, maana kuna watu wameniandikia pembeni wakitaka kujua.

Macho yako sawa, namba za matatu amesoma zote, na akanisomea hadi maandishi ya kwenye kioo ambayo mtoto hafai kuyasoma.

Gongo: nilihesabu hadi tisa likashuka. Sasa anashika juu, vidole vitatu. Wenzake walimcheka siku mbili, siku ya tatu wawili wakaiga.

Soksi: hii ndiyo imependwa nyumbani. Mama yake ndiye mrushaji, na ana shabaha kuliko nilivyofikiri. Dada yake mdogo naye anadai apigwe. Tulianza na soksi, tukaenda tenisi, juzi kijana mwenyewe akaomba mpira halisi, nikamrushia polepole, ukamgonga mgongoni, akageuka akacheka. Mguu bado unatoka nje mara mojamoja, hasa mrushaji akiwa yule mrefu wa timu ya jirani.

Mimi nimenyamaza. Si rahisi. Jumamosi nilikaa ndani ya tuktuk madirisha yameshushwa, nimeshika usukani kana kwamba naendesha. Alisimama kupiga mara tatu. Ya kwanza straiki tatu. Ya pili aliacha mipira minne mibovu ipite, akapewa besi ya kwanza bure. Ya tatu akaupata, ukaenda chini chini kwa mdakaji wa kati, akatolewa kabla hajafika besi. Lakini ile sauti, wadau! Nilifungua mlango bila kujua. Yeye alirudi akikimbia, akaniuliza kama niliisikia.

Kuacha hajataja tena, nami sijamuuliza.

KochaWaNaks

Safi. Kigingi je?

BabaTuktuk

Debe na zege tayari, paipu nimepata. Hosi ndiyo ilinizungusha, maana tuktuk yangu inapozwa na upepo, haina radieta. Fundi wa Kibuye kanipa ya Probox, bure.

MkulimaKitale

Ya juu au ya chini?

BabaTuktuk

Ya juu. Ya chini ina kona, mpira ulikuwa unaanguka.