Eti "angalia skrini"! Mimi kipofu niangalie skrini?

Wakuu, salamu baadaye. Nimejibiwa nusu saa iliyopita na mikono bado inatetemeka.

Huyu jamaa anayejibu malalamiko ya programu inayotusomea skrini mnamjua. Tunaotumia kompyuta zinazoongea, hasa tuliokuja kusoma huku Japani, wote tumeshapita mikononi mwake. Simtaji. Yule yule wa "asante kwa kutuandikia" anayejibu baada ya siku tisa.

Sasa sikilizeni. Kijapani unaandika sauti kwanza. Unapiga kagaku, unabonyeza kitufe cha nafasi, kompyuta inakuletea maneno yote yanayotamkwa hivyo uchague. Mwenye macho anatupia jicho, anachagua, anaendelea na chai yake. Mimi namsubiri yule dada wa ndani ya kompyuta anielezee herufi. Kuna kagaku sayansi na kagaku kemia. Matamshi ni yale yale, herufi ya mwanzo tu ndiyo tofauti.

Nabonyeza. Dada: "Ka ya kagaku." Nabonyeza tena. Dada: "Ka ya kagaku." Narudi nyuma. "Ka ya kagaku." Unauliza Juma yupi, unaambiwa yule anayeitwa Juma!

Nikabahatisha. Barua yangu ya kuomba nafasi maabara ya kemia ikaenda imeandikwa sayansi mara 11. Profesa kaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina hakika na ninachotaka kusoma.

Nikamwandikia jamaa, nikamweleza kuwa sioni. Jibu lake: "Tafadhali angalia skrini, tofauti ya herufi hizo inaonekana wazi."

ANGALIA SKRINI. Programu ya vipofu hiyo! Ningekuwa naangalia skrini, wewe ningekutafutia nini?

Na dawa yake ndogo tu. Wajapani wenyewe wakiongea, kemia huiita bakegaku ili isichanganywe, kutokana na bakeru, kujigeuza, kama jini anavyojigeuza paka. Aseme "ka ya kujigeuza", na ile nyingine "ka ya kyokasho", yaani kitabu cha kiada. Basi, nimeelewa, nalala. Lakini wapi. Angalia skrini!

Kobe Mpole: Siti ya mbele hapa. Karanga ziko wapi?

binti_pangani: Pole mkuu, ila mara 11? Hukupata hata jirani wa kukusomea?

Mleta uzi: Saa nane usiku, dada. Jirani gani?

Fundi Redio: Mbona rahisi, wakuu. 科学 sayansi, 化学 kemia. Hata mimi wa Mbagala naona tofauti.

Mleta uzi: Asante sana. Kwangu imesomwa "kagaku sayansi, kagaku kemia". Kumbe na wewe umeajiriwa kule?

Kobe Mpole: Nimecheka mpaka mke wangu kaamka.

Msafiri wa Osaka: Kagaku ni nafuu. Kuna shiritsu shule binafsi na shiritsu shule ya manispaa. Mdomoni wanasema watakushiritsu na ichiritsu, hapo unaelewa. Kwenye kompyuta? Nilijaza fomu nikajipeleka shule ya watoto wa matajiri. Na herufi za kawaida tu ni 2,136 kwa orodha ya mwaka 2010, bado za majina ya watu.

Sauti ya Nne: Mimi wananiudhi wanaoeleza umbo la herufi. "Kushoto matone matatu ya maji." Nimezaliwa sioni, na nukta nundu za Kijapani tangu 1890 zinaandika sauti, umbo nitalijulia wapi? Nikisikia maji natafuta ndoo.

Msafiri wa Osaka: Usitusemee wote. Mimi macho yaliondoka nina miaka 30, herufi hizo nilikuwa nazichora mwenyewe. Niambie matone matatu, inakuja kichwani yote.

Sauti ya Nne: Haya, ndoo yako hiyo.

mama_kijacho: Nyie angalau mna Kijapani. Simu yangu inasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. Mama kaniandikia "njoo ule", simu ikasema "enjuu yuli". Nikampigia kumuuliza Yuli ni nani.

Kobe Mpole: Yuli si yule aliyekula chakula chako?

binti_pangani: Afadhali Yuli. Kundi la kamati ya harusi, nasomewa "uso unaocheka kwa machozi ya furaha" mara arobaini. Mchango wenyewe shilingi ngapi mpaka leo sijasikia.

Fundi Redio: Harusi ya yule wa Tegeta? Mimi nilichanga, kadi sijaona.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. ANGALIA SKRINI jamani!

mama_kijacho: Subiri kwanza mkuu. Fundi, kadi ya mtu mmoja ni laki?

Fundi Redio: Laki. Ya wawili laki na nusu.

Sauti ya Nne: Na anayenishika mkono kuniongoza naye anahesabiwa mtu?

binti_pangani: Niliwauliza kamati. Wakasema maelezo yote yako nyuma ya kadi, nisome.