KIGOGO DAMU MOJA ⚽ (gumzo la Jumanne usiku)

Katibu Sele, 19:42
Assalaam aleikum wanakikundi. Nakumbusha mara ya tatu. Kamati ya mashindano inakaa Alhamisi saa 10 jioni na wanataka jibu letu juu ya mechi ya Jumamosi na wale wa ng'ambo ya mto, iliyovunjika refa aliposema Hamza wetu kanawa mpira kwa mkono ndani ya boksi. Ama tunarudi kumalizia dakika 6 zilizobaki, penalti yao ipigwe kwanza, ama tunadai mechi ianze upya. Nahitaji wawakilishi wawili na nauli yao. Tuko 63 humu.

Katibu Sele, 19:58
Jamani? Waliosoma ni 41.

Mama Zuhra, 20:03
Waaleikum salaam Katibu. Niko kwenye chapati, nikimaliza nasoma.

Chuma, 20:05
Penalti ilikuwa halali. Tukapige hizo dakika 6 yaishe.

Katibu Sele, 20:06
Chuma, wewe ulikuwa umekaa goli la upande wa pili. Uliona nini?

Chuma, 20:06
Niliona mkono wa Hamza uko juu kama anasimamisha daladala 😂

Dulla Boda, 20:07
Angesimamisha boda ningempakia bure 😂😂

Shaibu Kipa, 20:07
Dulla na bure wapi na wapi. Elfu yangu ya chenji unayo tangu Idi

Dulla Boda, 20:08
Nilikurudishia mbele ya shemeji!

Katibu Sele, 20:09
Tafadhali. Alhamisi ni keshokutwa.

Hamza, 20:12
Kaka Chuma, mimi niliteleza. Mkono ulikuwa chini, nimeuegemea ili nisiangukie uso. Mpira ukaja wenyewe.
[Picha]
Kiwiko hicho. Hadi leo sijalalia upande huo.

Mama Zuhra, 20:13
Pole baba. Paka mafuta ya nazi

Neema, 20:19
Shikamooni wakubwa. Nieleze tulivyofundishwa kwenye kozi ya urefa. Mpira kugusa mkono peke yake si kosa. Refa anatazama kama mchezaji kaupeleka mkono kwenye mpira makusudi, au kama mkono umeupanua mwili kuliko mwendo anaoufanya unavyohitaji. Anayeanguka ataweka mkono chini ajizuie, huo ni mwendo wa kawaida. Ila ukiutanua pembeni ukaziba njia ya mpira, umenawa. Na mkono unaanza kuhesabiwa chini ya kwapa, bega halimo.

Katibu Sele, 20:20
Umesikia Chuma? Asante binti. Basi tunadai mechi ianze upya.

Neema, 20:22
Katibu, sijamaliza. Video ya Mama Zuhra ni sekunde 9 na kaichukua akiwa nyuma ya goli. Nimeirudia mpaka simu imepata moto. Sekunde ya 5 mkono wa Hamza uko chini. Ya 6 ni vumbi tupu. Mpira unagonga ndani ya vumbi hilo. Mimi siwezi kuapa.

Dulla Boda, 20:26
Hata wenye VAR, ile video ya kumsaidia refa, wanagombana. Kombe la Ulaya, Euro 2024, beki wa Denmark, Andersen, mpira ulimparaza tu mkononi. Mpira una kidude ndani kinachohisi mguso, kikaonyesha. Ujerumani wakapewa penalti, Havertz akatupia. Siku 6 baadaye shuti la Musiala linamgonga Cucurella wa Hispania mkononi ndani ya boksi, refa anasema twendeni! Wajerumani wakatolewa kwao. Sasa sisi wa bondeni na filimbi moja?

Chuma, 20:29
Mimi habari ya mkono msiniambie. Kombe la Dunia 2010 Suárez wa Uruguay kaukatalia kwa mkono mpira wa Ghana kwenye mstari wa goli, nyongeza inaisha, penalti Gyan kagonga mwamba. Nililia banda umiza mbele za watu. Tangu siku ile mkono ndani ya boksi sina huruma nao.

Katibu Sele, 20:31
Suárez alikusudia. Alikula nyekundu na penalti ikatolewa, sheria ilitimia yote, mwamba ndio uliokataa. Hamza hakuonyeshwa hata njano. Refa mwenyewe alikuwa na shaka.

Neema, 20:34
Kunawa si lazima kuje na kadi, Katibu. Na Sheria ya 5 inasema uamuzi wa refa juu ya tukio la mchezo ni wa mwisho. Hatuwezi kukata rufaa juu ya mkono. Tunachoweza kushika ni Sheria ya 7: mechi iliyovunjika inarudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waseme vingine. Kanuni zetu ni karatasi moja na sijui ipo kwa nani.

Shaibu Kipa, 20:35
Ipo kwa Katibu

Katibu Sele, 20:36
Ililowa kwenye mafuriko.

Chuma, 20:41
Na tuseme ukweli, mechi haikuvunjwa na refa wala mvua. Watu wetu ndio walioingia uwanjani. Leo tunalia haki. Mbuzi wa 2016 tumeshamsahau?

Katibu Sele, 20:42
Hayo hayahusiani na haya.

Mama Zuhra, 20:44
Mbuzi gani?

Shaibu Kipa, 20:45
Ujumbe huu umefutwa

Katibu Sele, 20:46
Chuma, mwenye lile goli ni marehemu. Tafadhali sana.

Mzee Kondo, 21:10
Nimesoma yote.

Neema, 21:10
Shikamoo babu

Dulla Boda, 21:11
Shikamoo mzee

Mzee Kondo, 21:19
Marahaba wanangu. Siku ya ile mechi ya kugombea mbuzi, kibendera nilikuwa mimi. Baka, Mungu amrehemu, alifunga kwa mkono. Nilikuwa hatua kumi, jua liko mgongoni kwangu. Sikuinua. Refa alinitazama, nikatazama chini. Jioni nililetewa paja zima nyumbani, nikala na wajukuu. Waliodhulumiwa ni hawa hawa wa ng'ambo ya mto. Kuna mtoto wao alilia siku ile, namkumbuka sura. Jumamosi ndiye aliyeshika mpira kwenda kuupiga, watu wetu wakamvamia. Rudini mkacheze. Penalti ipigwe.

Hamza, 21:37
Mzee nimekusikia. Nitacheza. Ila sikunawa, wallahi.

Mzee Kondo, 21:40
Sijasema umenawa, mwanangu. Sikuwepo kwenye vumbi hilo. Nasema la kwangu.

Mama Zuhra, 21:41
🤲

Katibu Sele, 21:52
Mzee, neno lako ni zito na sina la kujibu juu ya mbuzi. Lakini tukirudi kwa dakika 6 vijana watasema tumekubali kuwa ni kosa la Hamza. Tunaweza kuwaomba radhi wale kwa yaliyopita na bado tukadai mechi ianze upya. Wengine mnasemaje? Hata dole tu.

Katibu Sele, 22:04
Wawakilishi basi. Neema wa kwanza. Wa pili? Chuma?

Chuma, 22:06
Alhamisi niko zamu mpaka magharibi. Nauli ya Neema natoa mimi. Na nikiwahi kutoka, namsindikiza Mzee kwa yule kijana, kama anataka.

Mzee Kondo, 22:07
Nataka.

Katibu Sele, 22:09
Sawa. Ila barua ya kamati naandika nini? Tunamalizia au tunaanza upya?

Mama Zuhra, 22:15
Andika kwanza Neema anakuja, hilo jingine tuamke nalo. Hamza, kiatu chako cha kushoto kipo kwangu, watoto wamekiokota bondeni

Hamza, 22:16
Nilichopoteza ni cha kulia, mama