Nyumba ya urithi barabara ya Pangani, hati inasema makazi. Nifungue fremu au nisubiri?

Kijana wa Tanga
Habari zenu wadau, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mipangomiji. Mzee ametuachia nyumba barabara ya Pangani, ipo mbele kabisa inaangaliana na barabara, hati ipo, matumizi yameandikwa makazi. Sasa tangu habari ya lami ya Pangani ianze kila mtu upande wetu kavunja ukuta wa mbele kapachika fremu za maduka, kuna hadiwea, kuna saluni, kuna grosari, kuna jamaa wa milango ya aluminiamu msumeno wake unalia toka asubuhi, na ndugu zangu wananiambia eti tumelalia hela. Tumepanga kupiga fremu nne mbele, mama abaki nyuma na wapangaji wake. Fundi anasema kibali ni cha nyumba mpya, hii yetu ni ukarabati tu, na nikimuuliza hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni iliyotengewa barabara, inaishia wapi ananyoosha mkono tu kwenye simu ya video, "hapa hapafiki mtu bosi". Mimi nipo Dar siwezi kwenda kila siku. Je kuna ulazima wa kubadilisha matumizi au nijenge halafu nifuatilie mbele ya safari kama majirani?

Bikoni
Mkuu huyo fundi atakuingiza mjini. Ukibomoa ukuta wa mbele na kujenga fremu ni uendelezaji, unahitaji kibali cha halmashauri, Sheria ya Mipangomiji ya 2007 haikuacha mlango hapo. Wakija watu wa jiji wakakuta zege linamwagwa wanachora ile SIMAMISHA UJENZI kwa rangi nyekundu na fundi hutamuona tena, saiti utabaki nayo wewe.

Halafu usichanganye vitu viwili, watu wengi wanachanganya hapa. Kibali cha ujenzi ni kitu kimoja na mabadiliko ya matumizi ni kingine. Hati ni mkataba wako na serikali na sharti mojawapo ni hayo matumizi, ukifanya biashara kwenye kiwanja cha makazi umevunja sharti hata kama jengo lina kibali. Unaomba halmashauri, afisa mipangomiji anaangalia mpango wa eneo unasemaje, linatoka tangazo ili jirani mwenye pingamizi aseme, inaenda kwenye kamati, ndipo wizara ya ardhi inaingia. Ikikubaliwa kodi ya pango la ardhi inapanda maana kiwango cha biashara sio cha makazi, hilo uliweke kwenye hesabu ya fremu mapema.

Na swali ambalo hujauliza, hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu basi hakuna hata mmoja wenu mwenye uwezo wa kusaini ombi hilo, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nimeona familia inahangaika na michoro mwaka mzima halafu inarudishwa dirishani kwa sababu hiyo tu.

Mama Chumbageni
Mimi sijui sheria mwaya ila nakaa kwenye barabara yenye fremu, ngoja nikwambie kinachokuja. Kila mwenye fremu anataka mteja apite mlangoni bila kuruka mtaro, basi anamwaga zege juu ya mtaro, huyu lake la futi sita yule futi kumi, hakuna aliyeacha mfuniko wa kufungua wala kipimo kimoja cha bomba chini. Masika ikifika chupa za maji na mchanga vinaziba katikati ya zege la mtu wa tatu, maji yanapanda yanatafuta pa kwenda, yanaingia sebuleni kwa ambaye hana hata fremu moja. Ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa mnaitwa kikao, kila mtu anasema zege lake halina shida.

Na usiku ndio usiseme. Duka la unga linafungwa saa tatu, sawa, lakini grosari ya pembeni spika ipo nje kwenye baraza. Huyo mama yako atalala wapi? Baba mwenye nyumba yuko Dar.

Barabara ya 7
Dada yangu umesema kweli kuhusu mtaro ila tusiitupie lawama biashara kukaa na makazi. Tanga hii tumekulia humo. Nenda Ngamiani, zile barabara zenye namba, nyumba ina baraza mbele, chumba cha kwanza mkono wa kushoto ni duka au cherehani ya fundi nguo, ukipita ukumbi unatokea uwani watu wanapika na kufua, na mteja anakuja na baiskeli anaiegemeza ukutani anaondoka. Hakuna aliyekosa usingizi. Shida ni aina ya biashara na gari. Hadiwea inaleta Fuso la saruji, Fuso linasimama barabarani maana hamna pa kusimama, daladala inakwepa inaingia upande wa watembea kwa miguu. Aluminiamu ile ni karakana kabisa hata ingekuwa na hati ya biashara bado isingestahili kukaa dirishani kwa mtu. Kwahiyo mkuu omba makazi na biashara, matumizi hayo yapo na mama hatoki, na fremu zako zirudishe nyuma pikipiki na kigari kimoja viingie ndani ya mipaka yako. Nne kwenye uso wa nyumba moja naona ni tamaa, zipo fremu kibao mjini hapa zina karatasi ya INAPANGISHWA mpaka jua limeipausha.

Bikoni
Niongezee hifadhi ya barabara maana ndiyo itakayokuumiza kuliko vyote. Barabara ya Pangani ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, siyo hizi za mitaani za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Zamani hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifanya 30. Ndiyo maana unaona nyumba zilizo ndani ya hifadhi zimechorwa X za rangi mbili. Nyekundu yupo ndani ya ile ya zamani, hana chake. Ya kijani aliguswa na zile 7.5 za nyongeza, huyo ana haki ya fidia ardhi ikitwaliwa. Sasa hata ukiwa wa kijani ukajenga fremu leo, baada ya alama, usitegemee hizo fremu ziingie kwenye hesabu. Na eneo lililopimwa mjini lina mchoro wake, upana wa barabara umeonyeshwa humo, kwahiyo usipime kwa mkono wa fundi.

Kijana wa Tanga
Nashukuru sana wakuu na mama pia. Hati kweli ina jina la mzee na mirathi hatujafungua, hilo limenishtua, nimempigia kaka mkubwa sasa hivi tukutane Jumapili kwa mama. Fundi nimemwambia asishushe mchanga. X hatuna ya rangi yoyote ila jirani wa kushoto ana ya kijani. Naanzia ofisi ya ardhi ya jiji au TANROADS?

Bikoni
Ardhi kwanza, upate nakala ya mchoro wa upimaji wa kiwanja, halafu uende nayo TANROADS mkoa uwaombe waje waonyeshe mwisho wa hifadhi. Kabla ya yote mwambie kaka atafute bikoni za mbele, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, kwa jembe taratibu, zile za barabarani mara nyingi zimefukiwa na kifusi, na asiing'oe hata ikiwa imelala.

Mama Chumbageni
Na huyo wa aluminiamu mlango wa pili je, mtu anamshtaki wapi?