Kijani kilichofifia sebuleni: kuta zote au ukuta mmoja?

Habari wakuu. Niko Tanga, sebule yangu ni futi 14 kwa 12, dirisha moja linatazama mashariki, milango ya mninga. Naitamani rangi ya jani la mchaichai lililokauka. Mama anasema itafanana na wodi. Nipake kuta zote?

Jibu: Mama ana hoja. Kijani cha wodi kinaelekea bluu na kinang'aa. Omba chenye ujivu na unjano kidogo, kisichong'aa. Kwangu Morogoro nilichagua kwenye kadi ya rangi dukani. Usiku, chini ya taa nyeupe, kikawa kijivu kama saruji. Niliumia sana. Nikaweka taa za mwanga wa njano, kijani kikarudi. Na mninga ule utapendeza mno, usiupake.

Jibu: Paka kuta zote, dari iwe nyeupe ya maziwa. Ila anza na lita 1: paka kipande cha ukuta cha futi 2, mara mbili, kikauke, ukiangalie asubuhi, alasiri na usiku.

Muulizaji: Asanteni sana. Kipande nitampakia mama mkabala na kiti chake. Yeye ndiye anayeshinda pale.